Sauti Kichwani mwa Dorothy: Maoni juu ya Filamu ya Bush Mama

Yako mazoea miongoni mwetu, sisi tunaojishughulisha na mambo ya sanaa, ya kuihesabu kazi ya mwanafunzi kuwa ni zoezi la darasani tu. Mwalimu huitia alama, mwanafunzi hupata cheti chake, kisha kazi yenyewe hutiwa kabatini ikala vumbi. Filamu iitwayo Bush Mama yatulazimisha kuyafikiri upya mazoea hayo. Ilitengenezwa na Haile Gerima, Mwethiopia aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Marekani, akaikamilisha mwaka 1975 kuwa kazi yake ya kuhitimu masomo. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa ukanda mwembamba wa milimita 16, na yachukua dakika 97. Ilianza kuonyeshwa kwa watu wengi mwaka 1979, na mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa lile. Mambo ya orodha hayanishughulishi sana. Linalonishughulisha ni kwamba kijana mgeni, mwenye fedha kidogo na kamera ya kuazima, aliuonyesha umaskini jinsi ambavyo wengi wetu wenye umri na vyeo hatujaweza kuuonyesha.

Gerima alizaliwa Gondar mwaka 1946. Baba yake alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, akizunguka nayo mashambani, na mtoto akakulia humo. Mwaka 1967 alikwenda Marekani kusomea uigizaji huko Chicago, kisha akahamia Los Angeles kusomea filamu. Mji aliofikia ulikuwa bado na makovu. Mtaa wa Watts, uliokuwa ukikaliwa na watu weusi, ulikuwa umelipuka kwa ghasia mwezi wa Agosti 1965, na watu 34 walikufa. Chuoni aliwakuta vijana weusi wengine waliokuwa na kiu kama yake: Charles Burnett, Larry Clark, na baadaye Julie Dash. Burnett ndiye aliyeshika kamera ya Bush Mama pamoja na Roderick Young. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Gerima alikuwa ametengeneza filamu fupi ya dakika 36 iitwayo Child of Resistance, juu ya mwanamke aliye kifungoni. Yasemwa kwamba aliiota baada ya kumwona Angela Davis katika televisheni akiwa ametiwa pingu. Filamu hiyo fupi ni kama ubeti wa kwanza, na Bush Mama ni utenzi uliofuata. Hata mwigizaji mkuu ni yule yule, Barbara O. Jones.

Kisa chenyewe si kirefu. Dorothy anaishi Watts na binti yake Luann, katika chumba cha kupanga, kwa kutegemea posho ya serikali. Ana mimba. Mwenzi wake, T.C., ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam naye hana kazi. Siku moja T.C. anatoka nyumbani akiwa na matumaini ya kupata kazi. Picha inayofuata tunamwona yumo gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Hatuonyeshwi kukamatwa kwake wala kesi yake. Mtu ametoka mlangoni kwake, na hapo hapo yumo ndani ya jela. Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi amekosea kuunganisha picha zake. Mimi nasema hajakosea, kwani kwa mtu wa Watts mambo hutokea hivyo hivyo, bila daraja la katikati. Baada ya hapo Dorothy anabaki peke yake na maofisa wa ustawi wa jamii, ambao wanamsukuma atoe ile mimba kama anataka posho yake iendelee. Mwishoni anarudi nyumbani na kumkuta polisi akimnajisi binti yake. Anamuua polisi huyo. Anafungwa, anapigwa, na mimba ile iliyokuwa ikijadiliwa maofisini inatoka kwa kipigo.

Nikikomea hapo, msomaji atadhani kwamba hii ni moja ya zile filamu za majonzi ambazo huuza vitambaa vya kufutia machozi. Sivyo. Katika filamu nzima Dorothy halii sana. Anatazama. Anakaa dirishani, anakaa kituo cha basi, anakaa baa na chupa yake, anakaa katika benchi la ofisi, na kamera inamtazama akitazama. Wakati huo huo masikio yetu yanajaa. Maswali ya ofisi yanarudiwa bila kukoma: jina, anwani, watoto wangapi, baba yuko wapi, lini, kwa nini. Juu yake zinakuja ving'ora vya polisi na mngurumo wa helikopta, juu yake tena maneno ya majirani. Mara nyingi hatujui kama sauti hizo zinatoka chumbani, barabarani au zimo kichwani mwa mwanamke huyu.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi hii. Watunzi wengi, wanapotaka kuonyesha mtu aliyesumbuka akili, humvua nguo, humtimua nywele, humfanya acheke peke yake. Yaani huonyesha wazimu kama unavyoonekana na mpita njia. Gerima ametuingiza upande wa ndani, na huko ndani tunakuta kwamba karibu sauti zote si za Dorothy. Ni za watu wengine waliohamia kichwani mwake bila kulipa kodi. Wasiwasi wake haukuota mwilini kama jipu. Uliletwa nyumbani kwake kwa fomu, kwa barua na kwa buti. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sikio langu limezoea kibwagizo. Katika shairi kibwagizo humpumzisha mwimbaji na kumpa nguvu ya kuingia ubeti mwingine. Katika filamu hii kibwagizo ni swali la karani, na kila kikirudi kinampunguzia mwanamke huyu sehemu ya nafsi yake.

Nimesema karani, na yafaa nikiri jambo. Mimi si msomi wa chuo kikuu. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa serikalini, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwahoji watu walioleta shida zao, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Nilimwuliza maswali yote yaliyomo katika fomu. Aliporudi wiki iliyofuata, jalada lake lilikuwa halionekani, nikamwuliza maswali yale yale upya. Mara ya tatu nilipoanza kumwuliza jina la mumewe alinitazama tu, hakujibu, akamfunga mtoto wake vizuri na kuondoka. Niliandika katika fomu kwamba mhusika hakutoa ushirikiano. Wala sikuwa mkali. Nilikuwa na adabu zote zinazotakiwa. Nilipoitazama Bush Mama kwa mara ya kwanza, kwenye ukuta uliopakwa chokaa katika ukumbi wenye joto, sikumwona mama yule katika Dorothy kama nilivyojisikia mwenyewe katika ile sauti inayouliza. Filamu nyingi juu ya maskini humpa mtazamaji nafasi nzuri ya kukaa, upande wa wema. Hii ilininyima nafasi hiyo, na ndiyo maana niliirudia mara mbili nyingine.

Lugha yetu nayo ina la kusema juu ya jambo hili. Neno wazimu lina undugu na mzimu. Wazee walioliunda waliamini kwamba aliyerukwa na akili ameingiliwa na kitu kutoka nje yake. Baadaye tukaja na hospitali, jambo la heri kabisa, lakini jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza kazi mwaka 1927, likageuzwa kuwa tusi la mitaani. Mtu akibishana nawe katika basi anakuuliza kama umetoroka Mirembe. Katika mabadiliko hayo ya usemi tulipoteza kitu. Wazee walipouliza ni nani amemwingia huyu, walikuwa angalau wanauliza. Sisi tunaosema kwamba fulani ni wa Mirembe tumekwisha kufunga jalada. Filamu ya Gerima, bila ya yeye kuijua lugha yetu, inalirudisha lile swali la kale, ila jibu lake si mzimu wa babu. Walioingia ni wenye mamlaka juu ya chakula na mlango wa mwanamke huyu.

Katika fasihi ya Kiswahili aliyelikaribia jambo hili ni Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, tunamwona binti aliyelelewa kwa kipigo na baba mlevi, na mwisho wake ni kujiua. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, kijana msomi anafikia mwisho kama huo. Ukweli wa riwaya zile haujachuja. Lakini Kezilahabi ameuweka mzizi wa maumivu nyumbani na rohoni, katika baba, katika elimu iliyomtenga mtu na kwao. Gerima ameuweka mzizi huo katika ofisi na katika doria, na nyumba ya Dorothy, pamoja na umaskini wake, ndiyo mahali pekee penye upendo. Siwezi kusema yupi ana haki zaidi. Mtoto anayepigwa na baba yake hapati faraja kwa kuambiwa kwamba mkosaji ni mfumo wa uchumi. Kwa upande mwingine, mtunzi anayeishia mlangoni mwa nyumba humwachia mwenye nguvu aliye nje aende zake salama.

Sasa niseme juu ya wigi. Tangu mwanzo Dorothy amevaa nywele za bandia, laini, zilizolala, na mtazamaji anazizoea mpaka anasahau kwamba si zake. Mwishoni, akiwa gerezani, amezivua. Tunamwona kwa nywele zake, na sauti yake inatuambia kwamba wigi lilikuwa limemficha yeye mwenyewe asijione. Msomaji wa Tanzania hawezi kulipita jambo hili bila kukumbuka Operesheni Vijana. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mjini Dar es Salaam vita dhidi ya mawigi, sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, vita ambayo ilikusudiwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walivamiwa barabarani na kuchaniwa nguo. Marehemu mama yangu, aliyekuwa msichana wakati huo, alisimulia jinsi walivyokuwa wakiingia basini huku wameshika vichwa vyao, hata wale wasiokuwa na wigi.

Mawazo ya vijana wale na mawazo ya Gerima yalitoka katika kisima kimoja. Wote waliona kwamba mtu aliyetawaliwa hutawaliwa mpaka katika nywele zake. Lakini tazama tofauti ya mwendo. Vijana walilivua wigi kwa mkono wa nje, kwa kelele, mbele za watu, na mwanamke aliyevuliwa hakuwa huru zaidi alipofika nyumbani. Alikuwa ameaibika tu. Gerima ana subira. Kwa dakika zaidi ya 90 analiacha wigi mahali pake, haligusi, halikejeli, wala hamfanyi mwanamke huyu kichekesho kwa ajili yake. Linaondoka siku ambayo kichwa kilichokuwa chini yake kimeanza kusema. Nimewahi kukaa katika vikao vingi vya kujadili namna ya kuulinda utamaduni wa taifa, na natamani picha zile za mwisho zingekuwa zimeonyeshwa katika kila kimoja kabla ya ajenda ya kwanza.

Kitu kingine kilichomo chumbani mwa Dorothy ni picha ya ukutani. Msichana mdogo wa mtaani, Angie, anamletea bango lenye picha ya mwanamke wa Kiafrika, mpiganaji wa Angola, amebeba mtoto na bunduki. Dorothy analitazama mara nyingi. Bila shaka jina la filamu limetoka hapo, na kwa Kiswahili hatupati shida kulifasiri, kwani kwetu kuingia msituni maana yake ni kwenda kupigania uhuru. Picha ile, kwa namna fulani, ilipita kwetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na chama cha MPLA cha Angola kilikuwa na ofisi katika mji huo huo. Tuliwapa wapigania uhuru nyumba, kambi na redio, lakini sidhani tuliwahi kufikiri kwamba sura ya mwanamke aliye msituni ingevuka bahari na kuning'inia katika chumba cha mpangaji wa Los Angeles, ikawa ndiyo sauti pekee humo isiyomwuliza swali.

Nimeisifu, na sasa yanipasa kuonyesha palipopungua. Kwanza, barua za T.C. kutoka gerezani ni ndefu, na ni za mwalimu. Huko ndani amesoma, amepata mwanga, naye anamfundisha mkewe hali ya ulimwengu. Maneno yake mengi ni ya kweli, lakini yanasikika kama hotuba, na kwa kitambo filamu inakuwa darasa ambamo mwanamume ameshika chaki na mwanamke amekaa kwenye dawati. Tumelijua kosa hilo katika mashairi yetu ya siasa. Mimi mwenyewe nimeandika kadhaa ambayo leo siyasomi mbele ya watu. Kinachoiokoa filamu ni kwamba mwisho wake ni barua pia, na safari hii mwandishi ni Dorothy. Aliyekuwa akiulizwa na kuandikiwa ameandika, na barua yake haina lugha ya vitabu.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi, nao hauokolewi na kitu. Ni Luann. Mtoto huyu anatendewa ubaya mkubwa kupita wote katika filamu, na mara baada ya kutendewa, filamu inamwacha. Unajisi wake unakuwa mlango wa kumwamshia mama yake. Tunajua mama amewaza nini. Mtoto amewaza nini hatuambiwi, wala ni nani aliyemshika mkono jioni ile mama alipochukuliwa. Najua kwamba filamu ni ya Dorothy na kwamba fedha na muda vilikuwa haba. Lakini kazi iliyojitahidi kiasi hicho kuingia katika kichwa cha mtu mmoja ilipaswa kutambua kwamba palikuwa na kichwa kingine, kidogo, chumbani humo humo. Kosa hili linatuhusu sana, maana vijana wetu wanaotengeneza filamu siku hizi mara nyingi hulirudia bila ya kuwa na sifa nyingine za Gerima. Mtumishi wa ndani hupigwa, mtoto wa kambo hunyimwa chakula, mtazamaji hulia, na mtoto mwenyewe hapewi hata sentensi moja ya kueleza alivyouona ulimwengu.

Kuhusu uigizaji sina haja ya maneno mengi. Barbara O. Jones ana uso unaofikiri. Ofisini, mbele ya karani, uso huo unafungwa kama duka. Akitoka nje unafunguka kidogo. Wala mandhari hayakutengenezwa kwa mbao na rangi: ni mitaa yenyewe. Picha za mwanzo za filamu, ambamo polisi wanawasimamisha vijana weusi na kuwapekua, hazikuigizwa. Ni Gerima na wenzake waliosimamishwa na polisi wa kweli walipokuwa kazini, kamera ikaendelea kuzunguka, naye akaziingiza picha hizo kama zilivyo.

Mwigizaji huyo alifika kwetu miaka mingi baadaye. Katika filamu ya Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyokuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2001, ndiye aliyecheza nafasi ya Daktari Asira, Mmarekani mweusi anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini mwetu. Mgonjwa wake ni Samehe, aliyechezwa na Amandina Lihamba, mwanamke aliyenyamaza kwa sababu ya ukatili alioushuhudia utotoni, baba yake alipomuua mama yake. Na huyu Samehe, kwa hesabu zangu, ndiye Luann aliyekua bila kuulizwa. Zaidi ya miaka 25 imepita, na yule aliyekuwa akikaa benchini sasa amekaa upande wa pili wa meza, na kalamu iko mkononi mwake. Sijui kama watengenezaji walilikusudia hilo. Mimi nililiona, na nikagundua kwamba nilikuwa nikimwangalia daktari kwa wasiwasi, nikisubiri kuona kama atamwuliza Samehe maswali ya fomu.

Bush Mama inazungumza Kiingereza cha Watts, ambacho hata aliyesoma Kiingereza cha shule hukifuata kwa taabu. Ikiwa itaonyeshwa katika kumbi zetu za wilaya, na ningependa ionyeshwe, itahitaji mtu wa kuifasiri, si wa kuisimulia kwa vichekesho kama ifanyikavyo katika mabanda ya video. Nimejaribu kuanza na ile barua ya mwisho. Maneno yake ni mepesi na Kiswahili hakikusita, isipokuwa mahali pamoja. Nilitaka kuandika nywele za bandia, kwa kuwa ndivyo lugha sanifu ingependa; lakini kila nilipoisoma barua kwa sauti nilisikia kwamba mwanamke yule asingesema hivyo, si usiku ule, si kwa mtu anayempenda. Nimefuta, nimeandika wigi.